Boksi Tunalisifu, Aliyeliokota Langas Hatumjui

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa nchini Kenya, boksi la kadibodi limekuwa kama bibi harusi aliye fungateni: kila apitaye humsifu. Viatu vimo ndani ya boksi, simu imo ndani ya boksi, kuku wa kukaanga yumo ndani ya boksi, na maparachichi yanayokwenda Ulaya yamepangwa ndani ya boksi. Makampuni huchapa jani la kijani ubavuni, na mnunuzi huondoka dukani roho imetulia akiamini kwamba amewafanyia hisani wajukuu zake.

Wahenga walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa hizi za boksi zina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Boksi huwa rafiki wa mazingira kwa masharti, na masharti hayo yanatimizwa na watu ambao majina yao hayachapwi ubavuni mwa boksi lolote. Nataka tuwatazame watu hao, na mahali ninapochagua kuwatazamia ni Langas, Eldoret.

Najua mtauliza: mwandishi wa Pwani ana nini na Langas? Jawabu ni kwamba hakuna sehemu nyingi Kenya ambapo unaweza kuifuata hadithi ya boksi kutoka mti hadi jaa bila ya kusafiri mbali. Msitu wa Turbo uko njiani baina ya Eldoret na Webuye. Kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya karatasi katika Kenya kiko Webuye, zaidi kidogo ya kilomita 60 kutoka Eldoret. Soko la maboksi ni Eldoret yenyewe, ambayo tarehe 15 Agosti 2024 ilitunukiwa hadhi ya jiji na kuwa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Na maboksi yakishatupwa, mikono inayoyaokota inatoka katika mitaa kama Langas. Hadithi hiyo ni yetu pia, kama tutakavyoona.

Mtaa ulio mgongoni mwa jiji

Langas iko kusini mwa jiji la Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu, katika eneobunge la Kapseret, kaunti ya Uasin Gishu. Ni miongoni mwa mitaa yenye msongamano mkubwa wa watu mjini humo. Watu wa makabila mengi wamejikusanya pale kutafuta riziki: mafundi, wachuuzi, walinzi, vibarua wa mashambani na viwandani, wanafunzi wanaotafuta kodi nafuu. Mswahili wa Kisauni au Likoni akishushwa pale usiku, ukiondoa ile baridi ya nyanda za juu, hatajiona mgeni sana. Vichochoro ni vilevile, vibanda vya mboga ni vilevile, na taka nazo ni zilezile.

Katika taka hizo, boksi lina cheo chake. Ganda la ndizi halina mnunuzi. Karatasi ya nailoni ya mkate haina mnunuzi. Lakini chuma, chupa ya plastiki na boksi vina mizani inayovingoja. Kwa hiyo boksi halikai sana njiani. Kuna mwenye duka anayeyapanga nyuma ya kaunta na kuyauza kwa jumla, kuna mama anayeyaomba ili awashie jiko la makaa, kuna anayeyatandika chini ya vifaranga, na kuna kijana wa mkokoteni anayeyafuata kutoka duka hadi duka tangu alfajiri.

Kijana huyo ndiye mwanzo wa kile ambacho wataalamu hukiita uchumi wa mzunguko. Huyabomoa maboksi yakalala bapa, huyafunga kwa kamba, huyapeleka kwa mwenye mizani. Mwenye mizani huyakusanya mpaka yafike tani kadhaa, huyabana yakawa marobota, kisha lori huyabeba hadi kwenye viwanda vya kuchakata karatasi, vingi vikiwa Nairobi na viunga vyake. Huko hurudi kuwa karatasi, karatasi hurudi kuwa boksi, na boksi hurudi Eldoret likiwa limebeba sabuni au biskuti. Kijana wa Langas huliokota tena. Mzunguko umetimia, ila faida ya mzunguko haimfikii kila mtu sawasawa.

Boksi ni nini hasa

Kabla ya kuendelea, tulifahamu boksi lenyewe, kwani anayelifahamu huelewa kwa nini bei yake hupanda na kushuka.

Chukua boksi lolote ulichane kwa pembeni. Utaona tabaka tatu: karatasi ya juu, karatasi ya chini, na katikati karatasi iliyokunjwa mawimbi kama bati la paa. Mawimbi hayo ndiyo yenye nguvu. Karatasi nyepesi iliyolala bapa hupinda kwa kidole, lakini ikitiwa mawimbi na kufunikwa pande mbili hubeba mzigo ambao huwezi kuudhania. Waingereza walipata hataza ya karatasi ya mawimbi mwaka 1856, wakiitumia kukazia kofia za wanaume. Mmarekani Albert Jones aliigeuza kuwa kinga ya chupa na vioo mwaka 1871. Kinachogundisha tabaka hizo ni wanga, aghalabu wa mahindi. Kwa hiyo boksi ni mti na mahindi, bila ya plastiki ndani yake, na ndiyo sababu likitupwa shambani huoza na kuwa udongo. Hapo sifa zake ni za haki.

Kuna mambo mawili ambayo jani la kijani halisemi. La kwanza ni kuwa nyuzinyuzi za karatasi hazidumu milele. Kila zinapopondwa na maji na kufanywa rojo upya, huwa fupi zaidi. Makadirio ya kawaida ni kwamba zinaweza kurudiwa mara 5 hadi 7, kisha hazishiki tena. Hivyo, hata tukiokota kila boksi lililoko Langas, lazima nyuzinyuzi mpya, ndefu, ziingie katika mzunguko kila mara. Nyuzinyuzi hizo ndefu hutoka kwenye misonobari. Boksi haliwezi kuukimbia msitu.

La pili ni kuwa boksi lililolowa mafuta ya chipsi au mchuzi halifai kuchakatwa, kwa sababu mafuta hayatengani na nyuzinyuzi ndani ya maji. Na boksi lililolowa maji ya mvua huanza kuoza, hukuza ukungu na hudanganya mizani. Kwa maneno mengine, thamani ya boksi huamuliwa katika zile saa chache baada ya kutupwa. Likikaa safi na kavu, ni mali. Likichanganywa na maganda na nepi ndani ya pipa moja, ni taka kama taka nyingine.

Funzo la Webuye

Tukitaka kujua ni nini hutokea watu wanapoisifu karatasi bila ya kuuliza maswali, twende Webuye.

Kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho watu wote walikiita Panpaper, kilianza uzalishaji mwaka 1974. Serikali ya Kenya ilikuwa na hisa, kampuni ya Orient Paper Mills ya India ilikuwa na hisa, na tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi nalo likawa na mkono wake. Misitu ya Turbo ilikuwa imepandwa mahususi kwa ajili ya kuilisha mitambo hiyo. Mji wa Webuye ulistawi. Watu walipata ajira, maduka yakafunguliwa, na Kenya ikawa inajitengenezea karatasi yake, ikiwemo ile ngumu ya rangi ya kaki inayotengenezewa maboksi.

Gharama nayo ilikuwepo. Wakaazi wa Webuye waliishi miaka mingi na harufu ya mayai viza iliyotoka kwenye mabomba ya kiwanda. Walilalamika kwamba mabati ya nyumba zao yalikuwa yakiliwa na moshi kabla ya wakati wake. Maji machafu yaliingia mto Nzoia, ambao hubeba kila unachopewa hadi Ziwa Victoria. Na mwaka 1999, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, viwanda vichache vikubwa, Panpaper na Raiply ya Eldoret miongoni mwavyo, viliruhusiwa kuendelea kukata huku maseremala na wenye mashine ndogo za mbao wakifungiwa. Mwenye nguvu mpishe.

Januari 2009 Panpaper ilifungwa kwa sababu ya madeni na gharama. Ilijaribiwa kufufuliwa, ikazimika tena. Mwaka 2016 ikauzwa kwa kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900 na kupewa jina la Rai Paper. Waliokuwa na nyumba za kupangisha, waliokuwa na hoteli, na wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara yao, wote walijifunza kwa machungu kwamba mji ulioegemea kiwanda kimoja ukiegemea vibaya huanguka nacho.

Funzo ninalolichukua hapa ni kuwa karatasi si safi kwa sababu tu imetokana na mti. Usafi wake hutegemea maji yaliyotumika yanakwenda wapi, mti uliokatwa umefuatiwa na mche au umefuatiwa na kisiki, na moto uliochemsha maji umetokana na kuni za msitu gani. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Februari 2018 serikali ilisitisha tena ukataji miti katika misitu ya umma, kwa siku 90 zilizozaa siku nyingine na nyingine, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuondoa zuio hilo Julai 2023. Sasa kuna mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni jambo jema. Lakini mti wa kuokoa chemchemi na mti wa kutengeneza boksi si mti mmoja, na anayehesabu miti bila ya kutenganisha viwili hivyo anahesabu samaki akachanganya na nyavu.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana habari kama hiyo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kinategemea misonobari ya nyanda za juu za kusini, ambako msitu wa Sao Hill umekuwa shamba kubwa la taifa la miti ya kupandwa. Kule pia, uhai wa kiwanda ni uhai wa msitu. Hakuna boksi la Afrika Mashariki linaloning'inia hewani.

Mizani ya Langas inasomwa wapi?

Turudi kwa kijana wetu wa mkokoteni. Tuseme amekusanya kilo 60 za maboksi kwa siku tatu. Mvua ya Eldoret, ambayo haina adabu ya kubisha hodi, imemkuta njiani. Anafika kwa mwenye mizani, mwenye mizani anaminya boksi kwa kidole na kusema: haya yana maji, nakata kilo 15. Robo ya jasho la siku tatu imekwenda. Huenda mwenye mizani ana haki, kwani kiwanda nacho kitamkata. Huenda pia amezidisha. Kijana hana mizani ya pili ya kulinganishia, hana kipimo cha unyevu, hana banda la kuanikia, na hana chama cha kumsemea. Atachukua alichopewa.

Bei yenyewe haipangwi Langas. Maboksi makuukuu ni bidhaa ya dunia. China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi chakavu za Ulaya na Marekani, ilianza kufunga mlango mwaka 2018, na kufikia Januari 2021 ilikuwa imekataza taka ngumu zote kutoka nje. Shehena zile zikatafuta bandari nyingine za Asia, na bei zikayumba. Kisha katika miaka ya korona watu walinunua vitu kwa simu, kila kitu kikaja ndani ya boksi, na bei ya karatasi mpya ikapaa. Mwokotaji wa Langas hasomi habari za masoko hayo, lakini huzisikia mfukoni.

Tazama basi mgawanyo wa hatari katika mnyororo huu. Kiwanda kikipata hasara hupunguza bei ya kununua kwa wenye marobota. Mwenye marobota hupunguza kwa mwenye mizani. Mwenye mizani hupunguza kwa kijana. Kijana hana wa kumpunguzia. Bei ikiwa chini mno, anaacha kuokota maboksi na kugeukia chuma au kibarua cha ujenzi. Hapo ndipo maboksi hubaki mtaroni, mtaro huziba, mvua ikinyesha maji huingia majumbani, na mengine husombwa hadi mto Sosiani. Yasiyosombwa hupelekwa jaani Huruma, upande mwingine wa jiji, ambako huchomwa au huoza pamoja na kila kitu.

Kwa hiyo jambo linaloonekana kuwa la mazingira, kwa hakika ni jambo la ujira. Boksi huchakatwa upya mahali ambapo kuliokota kunalipa. Pale ambapo hakulipi, jani la kijani lililochapwa ubavuni ni pambo tu.

Sheria imesemaje

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inasema mambo matatu yanayotuhusu. Kwanza, taka zitenganishwe kwenye chanzo, zinazooza mbali na zisizooza. Pili, kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kuokoa vitu vyenye thamani kabla ya kufika jaani. Tatu, na hili ndilo zito, mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Anayeingiza sokoni bidhaa na vifungashio vyake achangie gharama ya kuvikusanya vikishatupwa. Kanuni za kutekeleza wajibu huo zilitolewa mwaka 2024, chini ya usimamizi wa NEMA.

Wazo hili ni la haki. Kwa miaka mingi faida ya kifungashio imekuwa ya kampuni na taka zake zimekuwa za mtaa. Lakini tuangalie litakavyotekelezwa. Makampuni hujiunga katika mashirika ya pamoja ambayo hupokea michango yao na kulipia ukusanyaji. Pesa hizo zitapita mikono mingapi kabla ya kufika Langas? Je, zitamlipa yule ambaye tayari anaifanya kazi, au zitampa zabuni mwenye malori mapya, naye aje na walinzi kumfukuza yule wa mkokoteni? Kwenye miji mingine ya dunia mambo hayo yametokea: taka zilipogeuka mali rasmi, waliokuwa wakiziishi wakageuzwa wezi.

Kuna pia hofu ya wananchi kuhusu ushuru unaovaa kanzu ya mazingira. Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ndani yake mlikuwamo tozo ya mazingira iliyozua ghadhabu, hasa kwa akina mama kuhusu nepi. Vijana waliingia barabarani, watu walipoteza maisha, na Rais akakataa kuutia saini. Funzo lake halikuwa kwamba Wakenya hawapendi mazingira. Watu walikataa kutozwa kwa jina la mazingira bila ya kuonyeshwa pesa zinakwenda kusafisha nini. Kama mchango wa vifungashio utaongezwa juu ya bei ya sabuni, na mtaro wa Langas ubaki umeziba, basi hasira ile haitakuwa imekwenda mbali.

Na sisi wa Pwani tumo

Ndugu zangu wa Pwani, msidhani tunatazama moto wa nyumba ya jirani. Karatasi za kaki zinazoagizwa kutoka nje ili kutengenezewa maboksi huteremka Bandari ya Mombasa. Maparachichi ya bara, yakiwa ndani ya boksi zake za kilo 4, hupanda meli papa hapa. Baina ya bandari yetu na Langas kuna karibu kilomita 800, lakini boksi lililofunguliwa Langas jana huenda lilipita Changamwe juma lililopita.

Tazama mitaa yetu. Kongowea kila alfajiri huachwa na vilima vya maboksi ya matunda. Dampo la Kibarani lilifungwa baada ya miaka ya kelele, na taka zikaelekezwa Mwakirunge, lakini kufunga dampo si kupunguza taka, ni kuzihamisha. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, tende hutufikia katoni kwa katoni kutoka Ghuba, na futari za misikitini hufungwa ndani ya boksi ndogo ndogo. Baada ya Magharibi tazama pembeni mwa ukuta: boksi zimetupwa na nusu ya chakula ndani yake. Boksi ile ingeweza kuuzwa, na wali ule ungeweza kuliwa. Tukivichanganya, tumevipoteza vyote viwili, na hiyo ndiyo israfu ambayo kila mtoto wa madrasa anafundishwa kuiepuka.

Tuna pia cha kujivunia. Wazanzibari walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Nairobi. Lamu ilijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizookotwa ufukweni, na dunia nzima ikaja kutazama. Lakini mambo ya plastiki yana kelele kwa sababu plastiki huonekana baharini. Boksi huzama kimya. Linalowa, linayeyuka, na pamoja nalo huyeyuka riziki ya aliyekuwa aliokote.

Kifanyike nini

Sipendi makala yanayolalama kisha yakaaga. Kuna mambo yanayowezekana, na hayahitaji wafadhili kutoka ng'ambo.

La kwanza ni banda na mizani. Kaunti ya Uasin Gishu ina wajibu kisheria wa kuwa na vituo vya kuokoa taka. Kituo cha Langas hakihitaji kuanza na jengo la ghorofa. Paa la bati, sakafu ya saruji iliyoinuliwa, mizani iliyokaguliwa na maafisa wa vipimo, ubao wa bei ya siku, na mashine moja ya kubana marobota. Paa pekee linampunguzia kijana ile hasara ya mvua. Ubao wa bei unampa cha kulinganisha. Na marobota yakibanwa palepale, kikundi kinaweza kuuza moja kwa moja kiwandani bila ya kupitia mikono mitatu.

La pili ni kuwatambua wanaookota kwa majina na vitambulisho vya kazi, katika vikundi vyao, kabla ya pesa za wazalishaji kuanza kumiminika. Anayesubiri pesa zifike ndipo aorodheshwe atakuta orodha imejaa shemeji za watu. Mchango wa wazalishaji ulipwe kwa kilo iliyokusanywa, juu ya bei ya soko, ili bei ya dunia ikianguka kijana asiache boksi mtaroni.

La tatu ni wenye maduka na hoteli. Kulaza boksi bapa na kuliweka pakavu ni kazi ya dakika moja. Anayefanya hivyo amemwokolea mwokotaji nusu ya safari. Boksi lenye mafuta liende na maganda, likaoze shambani pamoja na mbolea ya ng'ombe, ambayo Uasin Gishu haina uhaba nayo.

La nne ni kazi ndogo za karibu. Si lazima kila boksi lisafiri hadi Nairobi. Trei za mayai hutengenezwa kwa rojo la karatasi chakavu, hata zile nyuzinyuzi fupi zilizochoka ambazo hazifai tena kuwa boksi. Eneo lililojaa wafuga kuku kama Eldoret lina soko la trei mlangoni. Kiwanda kidogo cha aina hiyo, chenye kuyarudisha maji yake katika mitambo badala ya kuyamwaga mtoni, kinaweza kuajiri vijana wa mtaa uleule unaookota. Hapo ndipo tutakuwa tumejifunza kutoka Webuye: viwanda vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa, na maji machafu yawe neno la kwanza badala ya kuwa la mwisho.

La tano linatuhusu sote tunaonunua. Boksi bora kuliko yote ni lile ambalo halikutengenezwa. Kapu la ukindu na mkoba wa kitambaa vilitutosha kabla ya kujulishwa kwamba tunahitaji boksi ndani ya boksi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Eldoret imepata jina la jiji, na jina hilo lina mizigo yake. Jiji haliamuliwi na taa za barabarani peke yake, bali pia na jinsi linavyowatendea wanaolisafisha bila ya kuajiriwa nalo. Pesa za wajibu wa wazalishaji zikianza kutiririka, madiwani wa Langas na wale wa Mombasa waulizwe swali moja katika kila mkutano: kati ya kila shilingi iliyotolewa kwa jina la boksi, ni senti ngapi zimemfikia aliyeliinua kutoka ardhini? Atakayeshindwa kulijibu asituonyeshe jani la kijani.